Mgeni wa Mwisho wa Ranchi ya Hadlock

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Leo Marekani nzima imepumzika kwa sikukuu ya wafanyakazi, na mimi mfanyakazi nimeshinda nikizoa makopo ya bia chini ya mialoni. Darlene Kopecky, bosi wangu wa ofisi ya mji, kaja na daftari hili jipya na kalamu mbili, kana kwamba ninaanza darasa la kwanza.

"Ofelia, wewe mzaliwa wa hapa. Niandikie historia ya ranchi. Vibao sita, maneno machache, ya kuchangamsha. Tunavizindua tarehe kumi Novemba."

"Mimi mtu wa funguo na reki, Darlene. Mambo ya kuandika waambie waliosoma."

"Waliosoma hawajui hata ilipokuwa saluni."

Hapo kanipata. Ninajua. Ninajua palipokuwa saluni, yaani baa ya makoboi, palipokuwa benki, jela na kanisa, ingawa nyumba zote zilikuwa sura tu za mbele, nyuma zimeshikiliwa na magogo. Mzee Hadlock alinunua majabali haya kabla ya vita, akajenga mtaa wa uongo, akawa anawakodisha watu wa sinema za makoboi. Baadaye akafungua geti kila Jumapili watu waje kutazama waangukaji wake, mafundi wa kuanguka na kujifanya wamekufa, wakipigana bastola. Mwaka wa sabini moto ukala kila kitu, mji ukanunua majivu, na sasa ni bustani ya watu na mbwa wao. Zimebaki sakafu za zege kwenye nyasi. Basi, historia hiyo. Kibao kimoja kimekwisha.

Jumanne, 3 Septemba

Joto nyuzi mia na moja za Fahrenheit. Nyoka wa njuga chooni, upande wa wanaume. Wamejifunza adabu ya kutazama wanapokaa.

Jumapili, 8 Septemba

Mwanamume mwenye mbwa wawili kaja ofisini kwangu, yaani kwenye kibanda changu cha getini, kuniambia kuna mtu kalala kwenye nyasi karibu na sakafu ya saluni. "Chali kabisa, mama. Sikupenda alivyolala. Na mbwa wamegoma kusogea."

Nikachukua maji na redio, nikaenda mbio kadiri ya magoti yangu. Sikukuta mtu. Nyasi zilikuwa zimelala, umbo la mtu mrefu. Nikadhani mlevi kaamka kajiendea zake. Nimeandika kwenye kitabu cha taarifa: saa tisa na robo alasiri, mtu amelala, hakupatikana.

Jumatano, 11 Septemba

Leo nimemfanyia mahojiano Mzee Virgil Stamm. Huyu huja kila siku na kiti chake cha kukunja na chupa ya kahawa, akakaa chini ya mwaloni ulioungua upande mmoja. Ana miaka sabini na mitatu, nyonga ya chuma, na ulimi ambao haujazeeka hata siku moja. Alikuwa mwangukaji wa Hadlock miaka kumi na minne.

"Bi Funguo," akaniambia, ndivyo anavyoniita, "mimi nimekufa mara elfu nne. Nimekufa juu ya farasi, chini ya farasi, na mara moja ndani ya pipa. Andika hilo."

"Nitaandika ulikuwa mwongo."

"Andika yote mawili!"

Akanikumbusha sheria ya Hadlock, ambayo watu wote wa bonde hili waliijua. Onyesho la Jumapili likiisha, maiti haamki. Bastola zimenyamaza, watu wanapiga makofi, wanapiga picha, wanakula hotidogi, na maiti wako palepale juani, mpaka mgeni wa mwisho atoke uani. Ndipo walio hai hupiga kengele, na wafu wakaamka kujipangusa vumbi. Hadlock alisema maiti akiinuka mbele ya mtoto, mtoto hatalipiwa tena kiingilio. Na watoto nao walikuwa na mchezo wao: ukimtekenya maiti akacheka, unapewa soda ya chungwa bure.

"Hiyo naikumbuka mwenyewe!" nikamwambia. Nilifurahi, nikamsimulia kisa changu ambacho nimewasimulia wanangu mpaka wamechoka. Nilikuwa na miaka tisa, baba kanileta, nimevaa gauni la manjano alilonishonea mama kutokana na pazia. Nikamchagua maiti mmoja aliyeanguka kutoka paa la saluni. Nikachuma unyasi, nikamtekenya puani, masikioni, shingoni. Hakucheka! Wengine wote walicheka siku ile, yeye hata. Alikuwa ananiangalia tu. Mwisho machozi yakaanza kumtoka, nikajua nakaribia kushinda, sasa hivi atapasuka kwa kicheko. Halafu baba akaniita. Nikakosa soda kwa nusu dakika, na mama akanipiga kofi jioni kwa kupoteza utepe mmoja wa nywele.

"Huyo ndiye alikuwa bingwa wenu," nikamwambia Mzee Stamm. "Alikuwa nani?"

Mzee akaweka chupa ya kahawa chini. Akauliza, "Ulikuwa mwaka gani?"

"Hamsini na kitu. Hamsini na sita, labda."

Akainuka, akakunja kiti, akaondoka bila kufunga chupa yake ya kahawa. Nilimwita mara mbili. Nikasema moyoni, wazee bwana, wakichoka wamechoka.

Kisa cha kutekenya nimekiweka kibao cha nne. Ni cha kuchangamsha.

Jumapili, 15 Septemba

Saa tisa na dakika ishirini. Mama kijana mwenye kigari cha mtoto: mtu kalala pale saluni, na kuna mtoto kachuchumaa kando yake anacheza. "Sikutaka kuingilia. Nilidhani ni babu na mjukuu wake."

Nimekwenda. Hakuna babu wala mjukuu.

Ijumaa, 20 Septemba

Upepo wa jangwani umeanza. Nywele zinasimama, mlango wa gari unanipiga shoti, kila mtu mjini kanuna. Mzee Stamm hajaonekana siku tisa.

Jumapili, 22 Septemba

Leo nimejificha. Mwanamke mzima wa miaka arobaini na tisa, nimejikunja nyuma ya jabali lenye vyuma walivyoacha watu wa sinema, vya kushikilia kamera, kama mwizi wa kuku. Saa tisa kasoro dakika mbili nikamwona Mzee Virgil Stamm anakuja bila kiti, bila kofia. Akafika penye sakafu ya saluni, akajishusha polepole kwa mikono, nyonga ile ya chuma ikimtesa, akalala chali kwenye nyasi, macho wazi, mbele ya jua.

Nikatoka kwa hasira. "Kumbe ni wewe! Watu wananijia mbio kila Jumapili, mimi nakimbia na magoti haya, kumbe ni wewe umelala! Utakuja kuliwa na nyoka, mzee mzima!"

Hakugeuza hata jicho. Akasema kwa mdomo usiofunguka vizuri, "Usinisemeshe mpaka saa tisa na dakika arobaini."

Jamani, sauti ile. Nikakaa kwenye zege, nikatazama saa yangu. Nzi alimtembelea kwenye mdomo, hakumfukuza. Ilipotimia arobaini akapumua, akanyoosha mkono, nikamwinua. Shati lote limelowa.

"Unafanya nini, Mzee Stamm?"

"Najifunza."

"Na huyo mtoto unayekuja naye ni wa nani?"

Akajipangusa majani kwenye suruali. "Mimi sina mtoto, Bi Funguo. Nakuja peke yangu."

Jumapili, 29 Septemba

Taarifa mbili. Ya kwanza saa tisa na dakika tano, ya pili na dakika thelathini. Nilikwenda nikamkuta Stamm, peke yake. Sikumsemesha. Wote wawili waliokuja kuniambia walisema "mtu na mtoto."

Alhamisi, 3 Oktoba

Moshi upande wa kaskazini. Majivu yanadondoka kwenye kahawa yangu. Tumefunga bustani nusu siku.

Jumapili, 6 Oktoba

Bustani imefungwa kwa moshi. Hakuna taarifa. Nililala mchana kama mtoto mchanga.

Jumapili, 13 Oktoba

Mtu na mtoto. Sijaenda. Mnisamehe, nimechoka.

Jumapili, 20 Oktoba

Naandika nikiwa kwenye gari langu, milango nimeifunga, injini inawaka. Siwezi kuandika kule kibandani.

Asubuhi dada yake Stamm alinipigia simu kuwa kaka yake yuko hospitali tangu jana, wanamtoa mtoto wa jicho. Nikasema afadhali, leo nitapumzika. Ilipofika saa tisa nilikuwa natengeneza bomba. Saa tisa na dakika kumi na nne wakaja vijana wawili, mke na mume, wamevaa viatu vya kupanda milima, mke analia.

"Kuna mtu ameumia kule," mume akasema. "Ameanguka, sijui kutoka wapi, hakuna kitu cha kuangukia. Ana kizibao cha kahawia na kitambaa chekundu shingoni. Tumemsemesha, macho tu ndiyo yanakwenda."

Nikamwambia, "Mmemwacha peke yake?"

"Yuko na mtoto," mke akasema. "Mtoto wa kike. Nimemwambia aje nasi, hasikii. Anamtekenya, dada! Anamtekenya na unyasi, na anacheka!"

Nikauliza, na sijui kwa nini niliuliza, maana nilishajua: "Kavaa nini?"

"Gauni la manjano. Nywele misuko miwili, mmoja una utepe mwekundu, mwingine hauna."

Nilikwenda. Mungu ni shahidi wangu, nilikwenda, na wao nyuma yangu. Nyasi zilikuwa zimelala umbo la mtu mrefu, na kando yake nyasi zimelala kidogo, mahali pa kuchuchumaa. Hapakuwa na mtu. Mwanamke yule akaanza kupiga kelele kwamba alikuwa hapa, alikuwa hapa, sasa hivi.

Nimewahi kusikia watu wakisema wameona mizimu ya wafu. Mimi sijafa. Niko hai, nina deni la meno na wajukuu watatu, na mimi ndiye ninayeonekana pale.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimemfuata Stamm nyumbani kwa dada yake. Jicho moja limefungwa bandeji. Nikakaa mbele yake, nikamwambia, "Mzee, sema. Sitoki hapa mpaka useme."

Akasema. Naandika kama alivyosema, sipunguzi.

"Alikuwa anaitwa Lonnie Tesch. Ilikuwa Jumapili, tarehe ishirini na moja Oktoba, mwaka hamsini na sita, onyesho la saa tisa. Mimi nampiga risasi kutoka mtaani, yeye yuko juu ya paa la saluni, anashika tumbo, anahesabu moja, anaanguka kwenye nyasi kavu tulizolundika. Tulifanya hivyo mara mia mbili. Siku ile alianguka kabla sijafyatua."

"Kabla?"

"Kabla, Bi Funguo. Nusu sekunde. Ubao ulivunjika chini ya mguu wake. Na mimi unajua nilifanya nini? Nilifyatua haraka ili kumfichia. Nilidhani kakosea hesabu. Kwetu sisi mtu akikosea hesabu unamfichia, ndiyo heshima ya kazi. Nikafyatua, watu wakashangilia, na mimi nikajisifu moyoni kwamba hakuna aliyegundua."

"Na hakuanguka kwenye nyasi."

"Pembeni yake. Shingo. Na mimi nilimwona kalala vibaya. Nilimwona! Nikasema, leo Lonnie kafa vizuri. Nikasimama pale na bastola yangu nikipigwa picha na wanawake, dakika arobaini, nikingojea mgeni wa mwisho atoke. Kengele ilipolia, wote wakaamka isipokuwa yeye. Daktari akasema alikuwa hai karibu nusu saa. Hakuweza kusogea wala kutoa sauti. Mkewe tukamwambia alikufa palepale alipogusa ardhi. Hadlock alituapisha."

Nilitaka kuziba masikio. Nikamuuliza swali langu. Yule niliyemtekenya, aliyetokwa machozi, ndiye Lonnie?

"Ndiyo," akasema. "Uliponisimulia, ndipo nilipojua alilia. Miaka arobaini nilikuwa najipa moyo kwamba labda alizimia."

Nililia mbele ya yule mzee mpaka dada yake akaleta taulo. Nimekifurahia kisa kile maisha yangu yote. Nimekisimulia kwenye harusi ya mwanangu! Mtu alikuwa anafa, ananiomba kwa macho, na mimi namwingiza unyasi puani ili nipate soda.

"Ulikuwa na miaka tisa," Stamm akasema. "Mimi nilikuwa na thelathini na tatu."

"Na unalala pale kwa nini?"

"Nataka kujua dakika zake zile zilikuwa ndefu kiasi gani."

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimempelekea Darlene kibao cha saba. *Hapa aliangukia Lonnie Tesch, akalala akiwa hai mbele ya watu mia tatu, na hakuna aliyejua.* Akasoma mara mbili.

"Ofelia, hapa watakuja watoto."

"Hata wakati ule walikuja watoto."

"Siwezi. Sina hati, sina gazeti, nina neno la mzee wa miaka sabini na tatu. Tena nataka kukuambia, kibao chako cha nne kimewafurahisha wote! Siku ya uzinduzi tutafanya onyesho dogo, vijana wa sekondari na bastola za kuchezea. Na soda ya chungwa kwa mtoto atakayemchekesha maiti. Nimeshamwomba Bwana Stamm awe maiti wetu wa heshima. Amekubali."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Stamm.

"Umekubali? Una wazimu?"

"Nimekubali kwa sharti. Nikiamka, wanipe kipaza sauti. Darlene anadhani nitasimulia habari za farasi. Nitalala dakika arobaini zote, halafu nitaamka mbele yao nitaje jina la Lonnie na niseme tulichofanya. Kabla ya hapo nisiguswe, Bi Funguo. Nikikatizwa sitapata tena moyo wa kusema. Najijua. Miaka arobaini nimekuwa nikikatizwa na vitu vidogo vidogo. Niahidi."

Nikamwahidi.

Jumapili, 27 Oktoba

Mtu na mtoto. Mtoto "amechoka kucheka, anamsukuma bega."

Jumapili, 3 Novemba

Mtu na mtoto. Sikuuliza zaidi. Upepo haujakoma. Waliotabiri mvua wote ni waongo.

Jumatatu, 11 Novemba

Jana sikuweza kuandika.

Watu walikuja kama mia mbili, na gari la wagonjwa likaegeshwa kivulini kwa tahadhari, wahudumu wake wawili wakila hotidogi. Joto nyuzi tisini na mbili, mwezi wa Novemba! Darlene kavaa kofia ya koboi iliyomzidi kichwa. Saa tisa vijana wa sekondari wakafyatua bastola zao za kuchezea, wakaanguka huku na huko kwa madaha. Stamm hakuanguka, alijilaza tu, taratibu, palepale. Watu wakampigia makofi kwa umri wake.

Nikasimama hatua kumi kutoka kwake na saa mkononi. Vijana walichekeshwa upesi, wakaamka kabla ya wakati, wakagawa soda. Akabaki Stamm. Watoto wakamzunguka. Dakika ya kumi. Dakika ya kumi na tano, jasho linamtiririka usoni, nikaona sawa, Jumapili zote hutoka jasho. Dakika ya ishirini watoto wakachoka, wakaondoka, akabaki mmoja, msichana wa miaka saba au minane, kachuma unyasi.

Mama yake akacheka, "Huyu hakati tamaa, huyu!"

Dakika ya ishirini na nne nikaona jasho la Stamm limekauka. Uso umekuwa na rangi ya zege. Nikajiambia, kaahidiwa. Nikajiambia, huyu ni mtu wa kazi, kafa mara elfu nne, anajua anachofanya. Heshima, Ofelia. Usimharibie. Na nilipokuwa najiambia hivyo nikasikia maneno yangu mwenyewe, nikajua ni ya nani. Ni ya Virgil Stamm mwaka wa hamsini na sita, amesimama mtaani na bastola, anamfichia mwenzake.

Unyasi ulimgusa mboni ya jicho. Halikupepesa.

Nikapiga kelele. "Mtu huyu hachezi! Hachezi! Daktari! Njooni, anakufa!" Nikamshika mtoto mkono, nikamtupia mama yake, nikapiga magoti.

Na watu wakapiga makofi.

Mia mbili, wamesimama, wanacheka, wanapiga makofi. Mwanamume mmoja akapiga mluzi. Walidhani nami nimo kwenye mchezo, mama mwenye sare aliyeandaliwa alie. Nikazidi kupiga kelele, wakazidi kushangilia. Wale wa gari la wagonjwa nao wanapiga makofi, hotidogi mdomoni! Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu. Ni kama kuwa chini ya maji na watu wanakupungia mkono.

Nikamwacha, nikakimbilia jukwaani, nikampokonya Darlene kipaza sauti. Nikasema bila kupiga kelele, "Hotidogi zenu ziwekeni chini. Mzee Stamm anakufa kweli. Mnaona, mnapiga makofi. Ndivyo nilivyofanya mimi." Hapo wale wawili wakakimbia.

Walipokuwa wanamtilia maji mshipani na kumfunga ile mipira ya hewa puani, nikaendelea. Sikupanga. Nilitaja jina la Lonnie Tesch. Nilitaja tarehe, ubao, nusu sekunde, dakika arobaini, kengele. Nikasema habari za gauni la manjano na unyasi na machozi. Darlene alikuwa analia ndani ya ile kofia yake. Msichana yule alikuwa bado ameshika unyasi wake, akauangusha, mama yake akamkumbatia. Nilipomaliza hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake.

Jumatano, 13 Novemba

Stamm yuko hai. Joto lilimpanda, moyo ukataka kusimama, wakauwahi. Nikaingia wodini kwake kwa woga, nikidhani atanifukuza.

"Dakika ngapi?" akauliza.

"Ishirini na nne na nusu."

"Uliahidi arobaini."

"Niliahidi. Nimevunja. Nitukane ukitaka."

Akafumba macho. "Lonnie alingoja mtu mmoja tu avunje," akasema. Kisha akalia, nikamshika mkono, tukakaa hivyo mpaka muuguzi akanitoa.

Ijumaa, 15 Novemba

Darlene kapiga simu. Kibao cha saba kitachongwa, maneno yangu yaleyale. Kibao cha nne kitaondolewa.

Jumapili, 17 Novemba

Saa tisa na robo. Mwenye mbwa wawili: mtu kalala.

"Na mtoto?" nikamuuliza.

"Mtoto gani? Yuko peke yake."

Nilikaa kwenye kibanda nikalia kwa afueni, halafu nikaona haya. Mimi nimetoka, yeye nimemwacha.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua! Tangu alfajiri, nyembamba, inanukia vumbi na majani ya mwaloni. Saa nane mchana wote walishakwenda nyumbani, gari moja tu limebaki. Saa tisa na dakika thelathini na tisa akaja mwenye gari hilo, bibi mmoja mwenye mwavuli, hanijui na simjui, si mtu wa hapa hata kidogo.

"Samahani, yule mfanyakazi wako kule," akasema. "Mwenye kizibao cha kahawia. Analoa. Nimemkuta kaketi kwenye nyasi anajipangusa vumbi, kwenye mvua hii! Kaniuliza kitu cha ajabu."

"Kauliza nini?"

"Kauliza kama watu wameshatoka wote. Nikamwambia nadhani mimi ndiye wa mwisho, na mimi naondoka. Akasema hapana, bado kuna mwanamke wa funguo."

Bibi akanitakia siku njema, akaenda zake. Nikabaki nimesimama na mvua inagonga bati. Nilitamani kwenda. Nilitaka sana, Mungu anajua, nimwone mara moja usoni nimwombe radhi. Lakini mgeni wa mwisho sasa ni mimi, na mpaka nitoke yeye hana ruhusa ya kuondoka.

Nikachukua koti na daftari hili. Nikazima taa, nikatoka nje ya geti, nikalifunga, sikugeuka. Niliendesha gari mpaka nilipofika nyumbani.